Benchi la Wanawake Lilikuwa Kushoto

Wasomaji wangu, juma lililopita Mungu alimwita jirani yangu wa mtaa wa Kampemba, mjane niliyesali naye parokia moja tangu ujana. Nilipopata habari nililia kidogo. Kisha, Bwana anisamehe, nikacheka peke yangu, maana nilikumbuka alivyokuwa akiigombeza televisheni.

Ilikuwa tamthilia ya msichana wa leo anayeingia ndani ya kioo na kutokea katika mji huu zama za Wabelgiji. Kila Jumapili jioni alinialika niitazame pamoja naye na wajukuu wake. Akina mama wa kale walipochota maji kwa bidoni, madumu ya plastiki ambayo enzi hizo hatukuwa nayo, alitikisa kichwa. Padri aliposoma misa akiwatazama watu, badala ya kuwapa mgongo kama zamani, aliguna. Lakini mume na mke walipokaa benchi moja kanisani, alisimama.

“Uongo! Banaume kuume, banamuke kushoto!”

Mjukuu wake wa kike, aliyemwita bibi yake Nkambo, hakuinua hata macho. “Nkambo, weye unasahabu. Bale ba televizio balisoma.”

Uso wa bibi ukabadilika. Akaniambia polepole, “Papa, siku nitakufa, hawa batoto bataamini ile televizio.” Hicho ndicho kilichomuuma. Waliokuwa wakihamishwa benchi na tamthilia ile walikuwa wazazi wake, na yeye mwenyewe. Basi akamgeukia binti yule mjukuu wake: “Kama tulikuwa tunaikala pamoja, juu ya nini nkambo yako mwanaume alikuwa anapinda shingo misa yote kuniangalia? Padri alimutaja jina mbele ya bantu bote!”

“Mbele ya bantu? Eh, Nkambo!” Binti akazima sauti ya televisheni. “Na kisha?”

Tangu siku hiyo tuliitazama bila sauti. Kila kosa lilileta swali, na kila swali likazaa kisa: posa, treni iliyomleta baba yake kutoka kaskazini, nyimbo za Kilatini tulizoimba kwa nguvu bila kuelewa neno. Watunzi waliendelea kukosea kwa bidii, nami nikawa nawaombea wasijirekebishe.

Kwenye matanga, binti yule alisimulia habari za ile treni, akachanganya vituo viwili. Nilimsahihisha baada ya sala, naye akacheka, akaniuliza mengine. Nilimshukuru Mungu. Sisi wazee twaogopa mno wanaosimulia vibaya. Anayekosea akisimulia, yuko wa kumsahihisha. Anayenyamaza, nani atamsahihisha?