Nilishukia Kabla ya Lilongwe

Kaka yangu Idi alipopata habari kwamba binti yake Rehema amechumbiwa, alifurahi mpaka alipouliza kijana huyo, Amisi, anaishi wapi. Rehema anauza vitenge katika duka moja la Old Town, Lilongwe, na siku za soko hupeleka mzigo nje ya mji.

“Dzaleka,” alijibu kwenye simu.

“Ndio mtaa gani huo?”

“Si mtaa, Baba. Ni kambi ya wakimbizi. Wao asili yao ni Kindu, Kongo.”

Kaka alinikabidhi mimi simu. Kwetu shangazi ndiye anayetumwa kumtazama kijana kabla baba hajatamka lolote, nami sikuhitaji kubembelezwa. Lilongwe nilikuwa naisikia tu.

Tatizo lilikuwa pa kulala. Rehema amepanga Area 36, chumba kimoja na wenzake wawili, ukuta mmoja na baa. “Hapa hata mimi silali, Shangazi,” aliniambia. “Wewe shuka kabla ya mji. Mama yake Amisi amekuandalia chumba. Lilongwe utakwenda asubuhi na kurudi jioni.” Nikacheka peke yangu. Mtoto ananilaza katika nyumba ileile niliyotumwa kuipeleleza!

Kaka alinipa agizo moja la kufikisha. “Waambie washenga wao waje Mbeya. Na harusi itafanyika hapa nyumbani, si kwingine.”

Niliondoka Mbeya alfajiri, nikiwa na begi langu na mfuko wa mchele wa Kyela wa kuwapelekea wenyeji. Kasumulu, mpakani, afisa alinigongea muhuri huku akizungumza mpira na mwenzake. Baada ya Karonga ziwa lilikuwa mkono wa kushoto, la buluu hadi nikasahau kula embe nililokuwa nimelimenya. Pale Chiweta barabara ikaanza kupanda kwa kona, masikio yakaziba, na abiria waliokuwa wakipiga soga wakakumbuka dua. Nililala Mzuzu, ndani ya sweta.

Siku ya pili tulipita misitu ya misonobari yenye ukungu, kisha nchi ikafunguka ikawa tambarare, mahindi makavu pande zote. Kwa siku mbili nilikuwa nimejifunza neno moja la Kichewa, zikomo, yaani asante, na nililitumia kwa kila jambo, hata nilipotaka kuuliza choo. Baada ya Mponela nilimwomba kondakta anishushe kwenye njia panda ya Dowa. Abiria walinitazama kama mtu aliyepotea.

Sikupotea. Kijana mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi, alikuwa amesimama pale tangu saa ambayo hakutaka kuitaja.

“Shikamoo, Shangazi. Ulifika muzuri? Mi njo Amisi.”

Alikuwa amekodi kabaza mbili, zile baiskeli za abiria: moja yangu, moja ya mchele. Waendeshaji walinitazama, wakautazama mfuko, kisha wote wawili wakaukimbilia mfuko. Aliyeshindwa alinibeba akihema kwa heshima, na kwenye mlima nilishuka mwenyewe kwa huruma.

Mimi nilitarajia mahema. Nilikuta maduka, vinyozi, mafundi simu, nyumba za tofali, na watu wakigombana kwa Kiswahili. Baada ya zikomo zangu, nilitamani kumkumbatia kila mgombanaji. Nyumba ya kina Amisi iko pembeni kabisa, mlango wa nyuma unatazama mashamba. Mama Amisi alitoka na unga mikononi. Ni mwanamke mfupi, mcheshi, anayesema huku akitenda kazi nyingine.

“Karibu, mama, karibu! Huku ni trankile, ni kimya. Bantu ba Lilongwe balale na makelele yabo.”

Tulikula sombe, yaani kisamvu, na ugali. Yeye aliuita bugali, jirani aliyekuja kunisalimu akauita nsima, na sote tukaumaliza bila kukubaliana.

Asubuhi Amisi alinisindikiza mpaka kituo cha minibasi za Lilongwe. Nikapanda, nikamsogezea nafasi. Hakupanda.

“Mi naishia hapa, Shangazi.”

“Una kazi?”

“Kazi iko. Lakini ku mji siendi bila otorizasio. Ruhusa. Ya wiki hii sikupata.” Alisema kama mtu anayekueleza kuhusu mvua. Kisha akanielekeza pa kushukia, duka lililo jirani, hata rangi ya geti, katika mji ambao yeye huenda kwa kuomba na mimi nilikuwa nakwenda kwa kupenda tu.

Old Town ni soko letu la Mwanjelwa, Mbeya, likiwa limevuta pumzi na kutanuka: mabasi, mafundi, maduka ya jumla ya Wahindi, mikokoteni inayokupigia kelele mgongoni. Rehema alinizungusha mpaka miguu ikavimba. Tulipokaa kunywa soda nikamtolea la moyoni.

“Wakimbizi wengine hupelekwa nchi za mbali. Akipelekwa Kanada nawe, tutakuona lini?”

“Shangazi, Mbeya niliondoka bila kupelekwa na mtu.”

“Nakuuliza kwa uzito.”

Akaitua chupa. “Amisi hajaniahidi Kanada. Ameniahidi cherehani ya pili, ili tushone wote. Hilo naliamini kwa sababu ya kwanza nimeiona, na nimeona anavyoshona.”

Nilirudi Dzaleka jua likiwa bado juu, nikiwa na furaha ya mtu anayeuacha mji na kelele zake nyuma.

Alasiri ile nilimkuta Mama Amisi akichambua mchele wangu kwenye ungo. Nikakaa naye, nikaingiza mkono, na nikafikisha agizo la kaka: washenga waje Mbeya, harusi iwe Mbeya. Alisikiliza hadi mwisho.

“Ni muzuri,” alisema. “Amisi ataomba ruhusa. Mungu akipenda, batamupa. Mi na bashenga betu, mupaka hatuupite, hatuna makaratasi. Tangu tulifika huku, Amisi mutoto wa mugongoni, sijaupita.” Akacheka. “Mumuoleshe kule. Siku ile mi nitapika huku, nitaita bajirani, tutapiga vigelegele. Mutabisikia Mbeya.”

Alikuwa bado anacheka, lakini mikono yake ilikuwa imesimama juu ya ungo.

Nilitoka nje, nikasimama mahali penye mtandao kati ya mahindi.

“Kaka, washenga hawaji.”

“Wametudharau?”

“Hawawezi kuja. Sisi ndio tunaoweza.”

“Harusi ya binti yangu kambini? Watu watasema nini?”

“Watasema tulikwenda. Kaka, yule mama ana mtoto mmoja, na yuko tayari mwanawe aoe mbali asimwone, ili asikukatalie wewe. Nimeshindwa kumsisitizia agizo lako.”

Nilisikia televisheni ya kaka, kisha sikuisikia tena. Ameizima. “Nitafikiri,” akasema.

Siku ya kurudi, Mama Amisi alinisindikiza hadi njia panda, nyuma ya kabaza, kanga imefungwa vizuri. Nilimwambia kwamba sikuja na jibu, kwa sababu jibu si langu. Basi lilipotokea alinishika mikono yote miwili.

“Hata mukikataa,” alisema, “we urudie. Chumba njo chako.”

Misitu, Mzuzu, ziwa, sasa mkono wa kulia. Kasumulu nilipita haraka kuliko kunywa maji, nikatembea hatua chache nikiwa Tanzania, na nikageuka kutazama nilikotoka. Watu walikuwa wanavuka huku na huko na ndizi zao. Nilikwenda Lilongwe kutazama kijana, na yote niliyojifunza nilijifunza pembeni mwa mji, kwa mwenyeji wangu: kwamba anayeruhusiwa kupita ndiye mwenye deni la kutembelea. Hana haki ya kukaa kwake akisubiri kufuatwa.

Kaka alikuja kunipokea stendi Mbeya. Alichukua begi, akatembea mbele bila kuuliza lolote kuhusu Amisi, mpaka tulipofika kwenye gari.

“Huko Dzaleka,” alisema, “usiku kuna baridi?”

“Ipo, kali.”

Alifunga buti, akabaki ameliegemea.

“Basi wifi yako nitamnunulia koti la safari.”