Bi Harusi Aliyekwama Katikati ya Ziwa

Mwezi uliopita nilirudi Ujiji kwenye harusi, na kabla sijamaliza chai ya kupokelewa nikakabidhiwa kazi. Vijana wa mtaa wameanzisha kikundi cha kuhifadhi historia yetu. Wana simu ya kurekodia, wana fulana za rangi moja, na wana mwenyekiti ambaye nilishawahi kumnawisha matope akiwa hajui hata kuvaa suruali. Akaniambia, "Mama, tumesikia wewe ndiye uliyebaki na wimbo wa kuvuka. Tupe tuuhifadhi."

Nikamuuliza mnatoa nini. Akasema soda.

Mimi nimekulia kwenye biashara ya vitenge na samaki wakavu wa migebuka, na sijawahi kufungua mdomo kwa soda. Lakini jua lilikuwa kali na pilau bado ilikuwa jikoni. Nikaipokea, nikaigusa kuona kama ni baridi, nikaigusa tena kuhakikisha, kisha nikaomba na ya pili ya kuwekea akiba.

Sasa wewe ambaye hukukulia kwetu, kaa hapa nikueleze. Mtaa wetu wote ulitoka ng'ambo ya ziwa, kila ukoo kwa wakati wake na kwa sababu zake. Zamani binti alipoolewa, hakutoka nyumbani kwao mpaka avushwe upya. Alikalishwa kwenye mkeka, nyayo zake zikawekwa juu ya kafi, kafi la mtumbwi kweli, la mti mzito, lililolainishwa na mikono ya watu ambao hatukuwajua. Miguu ikishawekwa pale, bi harusi yuko majini. Hashuki. Bibi yangu ndiye aliyekuwa mwimbishaji. Sisi watoto tulikuwa waitikiaji, na kazi yetu ilikuwa kuuliza swali moja tu, "Tumefika wapi?" Bibi anajibu kwa ubeti, na mahali ubeti unapoishia ndipo ubeti unaofuata unapoanzia. Mkiishia kwenye mawe, mnaanza na mawe. Mkiishia kwa mama mwenye mtoto, mnaanza na mtoto. Hivyo hivyo, ukoo kwa ukoo, mpaka mtumbwi uguse mchanga wa Ujiji. Hapo bi harusi anashuka, anakwenda kwa mumewe, na sisi tunakwenda kwenye sufuria.

Utadhani bibi alikuwa mtunza historia mtakatifu. Hapana. Bibi alikuwa na duka.

Watu walikuja uani asubuhi, akiwa anageuza dagaa juani, na harufu ile ya dagaa na mchanga moto ndiyo bado inanijia nikifumba macho. "Shikamoo bibi." "Marahaba." Kisha mwenye haja anatoa chupa ya mawese kwenye kikapu. "Bibi, ule ubeti wa babu yetu, pale anapokuja amebebwa mgongoni kwa homa. Haiwezekani akaja anatembea?" Bibi anaitazama chupa. "Kwa chupa hii anaweza kukaa. Kutembea ni chupa nyingine." Nilikuwa pembeni nachekecha unga wa muhogo, nikajifunza yote ninayoyajua kuhusu biashara. Kwa miaka ile nusu ya mababu wa mtaa walipona homa, na wengine waliongezewa urefu.

Mteja mkubwa alikuwa jirani yetu, mwenye mashine ya kusaga. Huyu alipoanza kuandaa harusi ya binti yake, mashine ikisaga hata siku ambazo haikuwa na cha kusaga ili watu wajue ipo, alimletea bibi kitenge kizima, kile kizito cha ng'ambo, na haja yake haikuwa ndogo. Babu yake mkuu katika wimbo alikuwa na ubeti mfupi wa hivi hivi, kwamba amevuka, amefika, basi. Yeye alitaka mtumbwi wa peke yake. Alitaka wapiga makafi. Alitaka pembe za ndovu. Bibi akakipima kitenge kwa mkono, akakipima tena, akasema, "Pembe zitajaa mpaka juu."

Akautoa ule ubeti mfupi, akautupa, akatunga mpya.

Hiyo ndiyo iliyokuwa miaka ya watu kuvuka kwa wingi. Vita vilikuwa ng'ambo, na kila asubuhi ufukwe ulikuwa na boti zilizojaa hadi pomoni, watu wameketi juu ya magodoro, juu ya mbuzi, juu ya watu wengine. Mjumbe alipita nyumba kwa nyumba akiuliza nani ana nafasi, mpaka watu wapangiwe kambi. Bibi alimwambia hana nafasi hata ya paka. Mjumbe alipotoka, akaanza kufagia chumba cha nyuma.

Mgeni wetu alikuwa mwanamke wa umri wa bibi, amefika na sufuria kichwani na ndala moja, ya kushoto. Siku ya kwanza aliinama akasema kwa adabu zote, "Yaya, Mungu akuongezee." Kwao yaya ni dada mkubwa. Bibi aligeuka kama aliyechomwa. "Yaya nani? Mimi na wewe nani alitangulia kuzaliwa?" Mgeni akamtazama usoni, akamtazama shingoni, akasema taratibu, "Yaya, mimi ninaheshimu tu kile ninaona."

Kuanzia hapo vikawa vita vya jikoni. Bibi alipika sombe, majani ya muhogo, kwa karanga. Mgeni alionja, akaweka kijiko chini kwa upole kama mtu anayeweka mtoto aliyelala, akauliza kama mawese yameisha mjini. Kesho yake akapika yeye, sombe ikaogelea kwenye mawese mekundu. Bibi akala sahani mbili huku analalamika, na alipoongeza ya tatu akasema ni ili mgeni asijisikie vibaya. Waligombana juu ya chumvi, juu ya namna ya kufunga kilemba, juu ya kama ng'ambo mwezi huandama mapema. Walikuwa na furaha sana, ingawa kila mmoja angekuapia kinyume.

Siku ya harusi ikafika. Wakwe walitoka Mwandiga kwa gari la kukodi, Waha wa mashambani, watu wapole, wamevaa makoti kwenye joto lile. Babu wa bwana harusi alikaa mbele kabisa, mikono juu ya fimbo. Mwenye mashine aliwapitisha kwenye ua wake akiwaonyesha bati, kisima na mashine yenyewe, na wao walizidi kunywea. Bi harusi akakalishwa kwenye mkeka, miguu juu ya kafi. Tangu alfajiri shangazi zake walikuwa wanamnywesha togwa ili asizimie. Kumbuka hiyo togwa.

Bibi akasimama na kitenge kipya, akaanza. Alikuwa na sauti ya kukwaruza kidogo, kama sufuria inayosuguliwa na mchanga, na ilikuwa inafika mpaka kwa majirani wasioalikwa.

"Tumefika wapi?" tukauliza.

Akatupitisha penye mawe. Akatupitisha kwa mama mwenye mtoto. Akamvusha babu wa homa, siku hizi mzima wa afya. Tukafika katikati ya ziwa, na hapo akamtazama mwenye mashine, akavuta pumzi:

"Tumefika majini, mtumbwi wa mtu mmoja,
makafi kulia, makafi kushoto,
pembe za ndovu zimejaa hadi juu!"

Mwenye mashine akafumba macho kama anayekula halua. Wakwe wakatazamana.

"Tumefika wapi?"

Bibi akafungua mdomo. Akaufunga.

Kwenye pembe za ndovu hapakuwa na kitu. Ule ubeti mfupi alioutupa ndio uliokuwa na kamba ya kufungia, na ya kukumbukia, ubeti unaofuata, na yeye, kwa kiburi cha ufundi, hakuwa amejaribu hata mara moja kuuimba mpya mpaka mwisho. Ametunga kichwa, hakutunga mkia.

"Tumefika wapi?" Sisi tulifundishwa kuuliza mpaka tujibiwe. Tukauliza.

"Hadi juu," bibi akasema. "Juu kabisa."

"Tumefika wapi?"

"Ngojeni, upepo umekaza."

Wanawake wakaanza kukohoa. Shangazi mmoja akanong'ona, "Mruke tu, anza na wengine." Bibi akamjibu kwa sauti ya wote kusikia, "Nimruke? Umezaliwa na nani wewe? Ukiruka mtu, mtumbwi unatoboka." Na alikuwa anaamini. Aliweza kumnyoosha babu wa mtu, kumnenepesha, kumvika kanzu, lakini kumwacha majini hapana. Pale nilimwona bibi kwa mara ya kwanza akiwa mdogo. Mikono ilikuwa inatafuta kitu kwenye pindo la kitenge. Alikuwa anajua kwamba wimbo ukivunjikia kwake, hautaimbwa tena na mtu, na yeye ndiye atakayetajwa.

Bi harusi akanyanyua shela kidogo. "Bibi," akasema, "nimebanwa."

"Vumilia mwanangu."

"Bibi, togwa."

"Uko majini, utakwenda wapi?"

"Tumefika wapi?" tukauliza, maana sisi tulikuwa na njaa.

Hapo ndipo sauti ilipotoka jikoni. Mgeni wetu alitokea mlangoni na mwiko mkononi, unadondosha mchuzi. "Yaya," akasema, "huyu mzee wa mashine, babu yake njo yule wa kuku?"

"Kuku gani?"

"Ukoo wake tunajua, kwetu tunaimbaka. Ninyi munaimba wenye walifika. Sisi tunaimba wenye walituacha." Na bila kuomba ruhusa ya mtu, akaupiga mwiko kwenye kiganja:

"Tumefika kwa mkwe, mkwe hana kuku,
kuku yu tumboni, mayai yamepoa.
Mwanamume yuko wapi? Chini ya magunia.
Gunia limepiga chafya, ufukweni kwa mama wa chumvi!"

Watu wote wakamgeukia mwenye mashine. Yaani yule babu wa pembe za ndovu alikula kuku wa mama mkwe, tena kuku aliyekuwa analalia mayai, akatoroka kwa aibu amefichwa kwenye magunia ya muhogo.

Mwenye mashine alisimama. "Zima hiyo!" akapiga kelele, kama vile ilikuwa redio. "Bibi, sema neno! Mwambie huyu mwanamke anadanganya!"

Bibi alimtazama mwenye mashine. Akatazama kitenge chake. Akamtazama bi harusi ambaye sasa alikuwa amekunja vidole vya miguu juu ya kafi na machozi yanamlengalenga. Kisha akamtazama mgeni, na nikaona midomo yake inatembea yenyewe, mama wa chumvi, mama wa chumvi, ile ile kamba ya ubeti alioutupa, kama mtu aliyepapasa gizani akaushika mlango. Akapaza sauti kuliko mwanzo:

"Tumefika kwa mama wa chumvi, chungu kiko motoni!"

Na njia ikafunguka. Chungu kikaleta kuni, kuni zikaleta mkata kuni, mbio mbio, ukoo kwa ukoo, sijawahi kuusikia ukiimbwa kwa kasi ile. Mtumbwi ulipogusa mchanga bi harusi hakungoja vigelegele. Aliruka kutoka kwenye kafi, akapita katikati ya wakwe na shela lake lote, akakata kona nyuma ya mashine.

Wa kwanza kujitokeza alikuwa babu wa Mwandiga. Alianza kutikisika mabega, tukadhani anaumwa, kumbe anacheka mpaka fimbo imemtoka. "Afadhali," akasema akijifuta macho. "Tulikuwa tunaogopa tumekuja kuoa kwa wafalme. Kumbe ni watu!" Akavua koti. Wote wakavua makoti. Mwenye mashine, kwa kukosa la kufanya, akacheka naye, kwanza kwa meno, baadaye kwa tumbo.

Wiki iliyofuata alikuja kudai kitenge chake. Bibi akamwambia, "Ulinunua ubeti, na ubeti niliuimba, watu wote mashahidi. Kama umezama, kalidai ziwa."

Harusi iliyofuata wimbo ulikuwa na ubeti mpya mwishoni, na huo haukununuliwa na mtu. Amevuka na sufuria, amevuka na ndala ya kushoto, amefikia kwa mwenye mdomo mkali. Mgeni alisikiliza hadi mwisho, akasema ndala ilikuwa ya kulia. Haikuwa. Alitaka tu kubisha.

Ng'ambo kulipotulia aliamua kurudi kwao. Bibi alimsindikiza hadi ufukweni akiwa amebeba kafi letu begani, akampa. "Yaya, hii boti iko na mashine," mgeni akasema. Bibi akajibu, "Mashine huzimika. Shika." Akageuka akaondoka kabla boti haijang'oa nanga, na nyumbani akapika sombe ya mawese, akasema karanga zimeisha. Nilitazama kwenye debe. Hazikuwa zimeisha.

Sasa turudi kwenye soda zangu. Vijana waliwasha simu, nikaimba. Nilijitahidi sana, lakini kilichotoka ni beti mbili tu, ule wa kuku na ule wa ndala. Mababu waliopona homa, walioongezewa urefu, waliovikwa kanzu, wote wamenitoka, na mawese yao yaliliwa zamani. Mwenyekiti alikuna kichwa. "Mama, hakuna wa mashujaa kidogo?" Nikamwambia palikuwa na pembe za ndovu, ila zina shida ya mkia.

Muziki wa maspika ukazimwa kwa dakika chache. Bi harusi wa leo alikalishwa kwenye mkeka, na badala ya kafi wakamtafutia ubao wa kitanda. Mama yake, ambaye ndiye yule yule wa togwa, alinishika mkono kwa nguvu. "Shoga, kabla hujaanza. Amekwenda chooni, nimempeleka mwenyewe." Watoto walijifunza swali papo hapo, na walilipenda mno. Nikaimba beti zangu mbili, nikafika kwa mwenye mdomo mkali, na wao wakauliza, "Tumefika wapi?"

Sikuwa na pengine pa kuwapeleka. Wakauliza tena. Nikamwambia binti ashuke, tumefika nyumbani. Hilo halimo kwenye wimbo, na bibi angenifinya.

Nikiwa nasubiri pilau niliwaza kwamba huenda huko ng'ambo kafi lingalipo, na miguu ya binti wa mtu iko juu yake, na watoto wanauliza. Bila shaka na bibi yangu amo kwenye wimbo wao. Sijui wanamwimbaje. Nasikia kwa masikio ya moyo kitu kuhusu sombe ya karanga, na kuhusu mwanamke aliyekuwa mkubwa akakataa kuitwa yaya. Nimewaagiza vijana, siku wakivuka na simu yao, waurekodi ubeti huo kwanza kabla ya mwingine wowote. Bibi angetaka kuusikia, ili aukanushe.