Kibuyu cha Babu na Safari ya Salaita

Mjukuu wangu aliponionyesha kile kilima kwenye simu yake, nilikijua kabla hajasema neno. Kilima kifupi kimekaa peke yake kwenye tambarare, kama mtu aliyenuna harusini. Udongo mwekundu. Na mbali kabisa, mlima wenye kichwa cheupe.

"Kogo, hapa panaitwa Salaita," akasema. Kogo ndiyo nyanya kwa lugha yetu. "Ni huko Taveta, karibu na mpaka wa Tanzania. Waingereza na Wajerumani walipigana hapo."

Nikamwambia, "Hapo ndipo walipomwacha babu yangu."

Babu, baba ya baba yangu, alichukuliwa kubeba mizigo katika ile vita ya kwanza ya wazungu. Hao wabebaji waliitwa kariakoo. Hakupewa bunduki hata siku moja. Alibeba unga, risasi na vitanda vya watu wengine. Nyumbani aliacha mke mwenye mimba, na hiyo mimba ndiyo baba yangu. Vita vilipoisha, mwanaume mmoja wa ukoo wetu alirudi akiwa mifupa na macho tu, akasema: nilimwacha mgonjwa chini ya kilima kilichosimama peke yake, udongo ni mwekundu, na ukitazama mbali unaona mlima wenye kichwa cheupe. Basi. Hatukupewa kaburi, tulipewa hayo maneno. Nyanya yangu aliyashika kama kamba ya ng'ombe mkali, akampa baba, na baba akanipa mimi.

Na kulikuwa na kibuyu. Kwetu mtu akirudi kutoka safari ndefu hupokewa na mursik, maziwa yaliyolazwa kwenye kibuyu kilichopakwa mkaa ndani mpaka yakakomaa. Hata hawa vijana wetu wanaoenda kukimbia Ulaya, wakishuka kwa ndege wanakuta mama zao wamesimama na vibuyu. Nyanya alitenga kibuyu cha mumewe siku ile alipochukuliwa. Kila aliposikia kuna wanaorudi kutoka vitani, aliweka maziwa. Wakija bila yeye, maziwa yalipewa ndama. Alipochoka kuweka maziwa hakuchoka kuosha. Baba hakuwa na kaka wala hakupata kijana, kwa hivyo kibuyu kilinifuata mimi nilipoolewa hapa Sosiot. Kimeshonwa pale kilipopasuka, ngozi yake nimebadilisha, lakini ni kile kile. Hakuna mtu amewahi kunywa humo. Watoto wangu walichapwa kwa kukigusa tu.

Sasa mimi ni mzee. Shule niliacha darasa la tatu, lakini hili nalijua bila kusomeshwa: siku nikifa, hicho kibuyu kitatundikwa ukutani karibu na kalenda, na wageni watasema ni maridadi. Ndiyo maana nilipoona kilima nilisema tunaenda, na babu atapata maziwa yake.

Huyu mjukuu ni mwalimu wa historia huko upande wa Ndanai. Nasema bila aibu, hakuna kichwa kama chake katika Belgut nzima. Kama kuna kingine, kiletwe nikione. Alichukua hiyo safari kama mtu anayepanga mtihani wa taifa. Tungeenda likizo ya Agosti. Tungepanda treni Nairobi mpaka Voi, tuchukue gari mpaka Taveta, tulale siku mbili, turudi. Hapo sawa. Halafu akaanza kuongeza. Makaburi ya wanajeshi Voi. Ngome ya Maktau. Mahandaki. Kilima kingine na pacha wake. Makaburi ya Taveta. Jumba lenye risasi za zamani.

Nikamuuliza, "Unataka tupigane hiyo vita upya?"

"Kogo, tukifika mbali hivyo ni vizuri tuone yote."

"Magoti yangu ni mawili tu. Nitayapeleka mahali pamoja."

Tulibishana siku kadhaa, yeye akipiga simu kila jioni baada ya kusahihisha vitabu. Mwishowe nilimpa makaburi ya Voi kwa sababu yako njiani, na yeye akaacha zile ngome. Nikamwambia, "Na utanisaidia kubeba kibuyu kikiwa kimejaa." Akakata simu. Nikajua anampigia baba yake.

Baba yake ni kijana yangu wa kwanza, mzee wa kanisa, anajenga nyumba nyuma ya yangu. Alikuja Jumapili na suti yake ya kijivu, akakaa karibu na jiko kwa maana baridi ya Julai huku inaingia mpaka kwenye meno. Jirani yangu pia alikuwepo. Huyu ni mama wa kutoka ziwani. Alikuja akiwa msichana kuchuma chai katika shamba la kampuni, akastaafu, akanunua kipande cha ardhi mpakani mwangu. Tumegombania maji na kuku na mpaka, tukachoka, tukawa marafiki. Babu yake naye alienda kariakoo na hakurudi.

Kijana yangu akaanza, "Mama, kwenda nenda. Lakini kumwagia wafu maziwa? Mimi mzee wa kanisa? Watu watasema nini?"

"Simwagii. Nampa."

"Atakunywa na nini?"

"Hiyo ni shida yake."

"Na hilo joto la huko, maziwa yatafika kweli?"

Hapo nikacheka moyoni, maana nilikuwa nimeshafikiria. Mjukuu alikuwa ameniambia joto la Taveta ni kama kukaa kando ya jiko. Kwa hivyo tangu Ijumaa nilikuwa nimejaza kibuyu kingine, nikakifunga kabisa, nikakiweka pale pale nyuma ya jiko kukijaribu. Nikataka kumwonyesha. Kabla sijanyoosha mkono, kikajionyesha chenyewe. Kulikuwa na mlio kama wa tairi la lori likipasuka, kifuniko kikaruka mpaka kwenye paa, na maziwa ya rangi ya jivu yakamwagika juu ya suti ya mzee wa kanisa, kuanzia tai mpaka magotini.

Jirani yangu aliteleza kwenye kiti kwa kucheka. "Yawa! Sasa hapo kwa treni, askari wote watalala chini!"

Kijana yangu akaanza kujipangusa kwa mkono. Nilimpa kitambaa. Jirani akaendelea kunichokoza kwa sababu ndiyo tabia yake.

"Sisi tulimaliza hii maneno zamani," akasema. "Wa kwetu hatukupata mwili wake, tukazika tunda la yago, lile refu kama mguu wa mtoto. Tukalia, tukala, tukalala."

"Mlizika tunda!" nikasema. "Na mkalililia!"

"Vizuri sana. Nyinyi mlizika nini?"

"Sisi watu wa zamani hata aliyefia nyumbani hatukumzika. Tulimpeleka kwa fisi."

"Basi funga mdomo juu ya tunda langu." Akapangusa machozi ya kucheka, kisha akanitazama kama mtu aliyekumbuka kitu. "Ebu niambie. Mkimbiaji wenu akishinda huko Ulaya, mnampelekea maziwa pale barabarani anapokimbia?"

"La. Anapewa akirudi."

"Sasa huyu mzee unampelekea ya nini? Akunywe akae huko huko?"

Nikaona kosa langu. Miaka yote hiyo nimeosha kibuyu cha mtu anayerudi, halafu nikapanga kumnywesha kule kule alikoachwa, kama mpita njia.

"Nenda umlete," jirani akasema, na sasa hakuwa anacheka. "Kwetu mtu akibaki mbali, tunachukua udongo wa pale alipo, tunaleta nyumbani. Mwite kwa jina lake, chota udongo, uje naye. Maziwa yamngoje hapa."

Nikamtazama kijana yangu. Alikuwa anafikiria, najua uso wake akifikiria, unakuwa kama wa baba yangu.

"Kupokea mtu nyumbani," akasema polepole, "hiyo si tambiko. Biblia yenyewe imejaa watu wanaopokea wageni."

"Asante, mchungaji," jirani akasema.

"Lakini maziwa yatawekwa na nani, kama nyinyi mnaenda?"

Mkewe anafanya kazi Merigi, anakuja mwisho wa wiki. Tulimtazama tu, wanawake wawili wazee, mpaka akaelewa.

"Mama! Mimi ni mwanaume!"

"Na yeye alikuwa mwanaume. Akabeba vitanda vya wazungu. Wewe utashindwa na kibuyu?"

Sijafurahi hivyo tangu mjukuu wangu apewe kofia ya chuo kikuu. Siku chache kabla ya safari nilimkalisha kijana yangu nje ya jikoni, mikono ya shati imekunjwa, nikampa kibuyu cha babu. Mara ya kwanza kukishika bila kuchapwa. Nikampa sosiot, ule ufito wa kusugulia ndani, jina moja na soko letu.

"Zungusha. Si kuosha gari hiyo."

Akazungusha. Akachoma kijiti cha mti wa senetwet mpaka kikawa kaa jekundu, akakiingiza, akaponda mkaa ndani mpaka ukuta wote ukawa mweusi na moshi ukatoka mdomoni mwa kibuyu. Maziwa tulichemsha, tukapoza. Akamimina bila kumwaga tone. Watu wanaobeba majani ya chai kwenda kupimisha wakapita njiani, wakasimama, wakamwamkia mzee wa kanisa kwa heshima zote na meno yote nje. Akawaamkia pia. Sikumzaa mwoga.

Nilimpa kazi yake: kibuyu kikae baridi, mbali na jiko, kila siku akitoe pumzi kidogo, akifunge. Na asionje.

Mjukuu akaongeza mtu mmoja kwenye safari, maana jirani alikuja na mkoba wake tayari.

"Si wa kwenu mlishamzika?" nikamuuliza.

"Tulizika tunda. Nataka kuona alikobaki mwenyewe."

Treni ni kitu kizuri, chai haimwagiki. Voi tulipita kwenye yale makaburi, safi, mawe yamepangwa kama watoto kwenye gwaride. Mjukuu alisoma mawe. Wabebaji sikuwaona. Jirani naye aliwatafuta jiwe kwa jiwe, akatoka mikono mitupu. Kesho yake asubuhi tukaenda Salaita.

Joto ni lile aliloniambia mjukuu. Miiba, mawe, vumbi jekundu linaloingia mpaka ndani ya soksi. Mlima wenye kichwa cheupe ulikuwa pale, umefunikwa na wingu, halafu wingu likasogea. Mjukuu alianza kunieleza jeshi lilitoka upande gani, akaniangalia, akaacha mwenyewe. Nilimwambia kichwa chake ni kizuri hata kikinyamaza.

Nilimwita babu kwa jina lake lote, kwa sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Nikamwambia mtoto wake alizaliwa, alikuwa mwanaume, alizeeka. Nikamwambia twende. Nikachota udongo, nikautia kwenye mkebe wa majani ya chai niliokuja nao kutoka nyumbani. Jirani alichota wake, akaufunga kwenye kitambaa, akapenga pua.

Nilikuwa bado nimepiga magoti, najiuliza nitainuka vipi, simu ikalia. Kijana yangu.

"Mama, kibuyu kinanguruma."

"Kitoe pumzi, ukifunge."

"Nimekitoa. Mama, yananukia vizuri sana."

"Umeonja?"

"Bado."

"Hiyo bado yako naijua. Funga hicho kibuyu. Mwenyewe yuko njiani."