Anti Yangu Ndiye Aliyenizaa, na Sasa Ananiomba Nimkane Mbele ya Mumewe

Admin, tafadhali nifiche kabisa. Majina yote humu nimeyabadilisha. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita, nasomea shahada ya uzamili ya fasihi hapa Nairobi. Ninaishi Hurlingham na Mama, ambaye anafanya usafi kwenye ofisi zilizo karibu na kwetu. Niliandika mchezo wa kuigiza, na mchezo huo umevunja nyumba ya watu.

Muhula huu tunasoma tamthilia za Marekani za siku hizi. Karibu kila moja ina mtu anayetaka kujua yeye ni nani hasa: mtoto wa wahamiaji asiyejua lugha ya bibi yake, msichana mweusi aliyelelewa na wazungu, na wengine kama hao. Nilizipenda mno. Mhadhiri wetu akatupa kazi. Akasema, "Msiishie kwa Waamerika. Kila mtu aende kwao, aulize, kisha aandike mchezo wa dakika kumi wa mtu mmoja na auigize mwenyewe."

Mimi nilikuwa na swali la siku nyingi. Cheti changu cha kuzaliwa kilitolewa nikiwa na miaka sita. Jumapili moja baada ya kanisa nikamuuliza Mama kwa nini. Alikuwa anachambua ndengu kwenye sinia. Mikono yake ikasimama.

"Nani amekuambia?"

"Hakuna mtu. Nauliza tu, ni ya shule."

Akalia mpaka nikaogopa. Kisha akaniambia kwamba si yeye aliyenizaa. Aliyenizaa ni mdogo wake, Anti Mwende, akiwa kidato cha tatu huko kwetu Ukambani. Mama hakuwa na mtoto, akanichukua ili Mwende arudi shule. Anti leo anaishi Kitisuru na mume wake, mzee wa kanisa anayeheshimika, na binti yao Wanja wa miaka kumi na saba. Mume hajawahi kujua kwamba mke wake alizaa kabla yake.

"Hii maneno isitoke kwa hii nyumba," Mama akasema. "Niapie."

Nikaapa. Halafu nikaenda nikaandika.

Msinielewe vibaya. Sikutaka kumwumiza mtu. Nilikuwa nimejaa, sikuwa na pa kumwaga. Nilibadilisha majina na mtaa, nikaona hiyo inatosha. Lakini niliweka kovu la maji moto alilo nalo Anti kwenye mkono wa kushoto wa mama wa kwenye mchezo. Niliweka na vile Anti huja kila siku yangu ya kuzaliwa na keki, anasimama mlangoni bila kukaa, anaondoka kabla haijakatwa. Sikuweza kuyaacha hayo. Ndiyo yaliyokuwa mchezo wenyewe.

Tuliigiza katika ukumbi mdogo katikati ya jiji. Watu walisimama wakanipigia makofi. Mhadhiri akanikumbatia, akasema sasa nimeelewa tamthilia. Mwanafunzi mwenzangu alikuwa amenirekodi na simu, akaweka kipande mtandaoni kwa nia njema. Siku ya nne Wanja akakiona. Anajua kovu la mama yake, na keki zile huwa wanaenda kuzinunua pamoja. Alikuwa anakitazama tena mezani baba yake alipopita nyuma yake, akasikia ya kovu na keki, akajua ni mke wake anayesemwa.

Jumamosi asubuhi Anti Mwende alikuja kwetu na sanduku la nguo, mume amemfukuza. Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. Alikaa kitandani kwangu akaniuliza, "Nilikukosea nini, ukanianika mbele ya watu?"

Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa nasubiri aniite mwanangu, hata mara moja. Nikasema tu, "Samahani, Anti."

Tangu siku hiyo Mama haongei nami. Ananiwekea chakula na kuondoka. Yeye ndiye aliyenilea, akanisomesha na huo ufagio, na najiona kama niliyesimama jukwaani kumwambia hakutosha.

Juzi mume wa Anti alituma ujumbe. Anataka niende Kitisuru Jumamosi hii, nisimame mbele yake, dada zake na mchungaji, niseme yale yalikuwa mambo ya kutunga. Nikisema hivyo, mke wake atarudi nyumbani. Anti akanishika mikono yote miwili. "Sema ulitoa kwa hizo vitabu za Waamerika. Sema wewe ni wa dadangu. Tafadhali, si nakuomba tu kitu moja?"

Nilimkubalia. Ningemkatalia vipi? Nimemharibia maisha, na namna ya kuyarudisha iko mdomoni mwangu.

Lakini jana Wanja aliniandikia. Baba yake amemnyang'anya simu, alitumia ya rafiki yake. Aliandika hivi: "Sijakasirika. Nimekua peke yangu miaka yote nikiomba Mungu dada. Wewe ni dadangu? Usinidanganye, hata kama utadanganya wao. Jumamosi nitakuwa kwa hicho kikao."

Sijamjibu. Nikisema ukweli, Anti hana nyumba wala ndoa, na mimi nitakuwa nimemuumiza mara ya pili. Nikidanganya, nitakuwa nimemkana mama aliyenizaa wiki chache tu baada ya kumjua, na mdogo wangu atakuwa ananiangalia usoni nikisema hivyo. Najua hata kuandika hapa ni kuvunja kiapo tena. Sina mwingine wa kumwambia, Mama hanisikilizi.

Matusi nayastahili, nipeni. Lakini mkimaliza, mwenye hekima aniambie, maana kesho kutwa ndiyo Jumamosi: nikisimama mbele ya wale watu, niseme mimi ni mtoto wa nani?