Boza la Kampuni, Dereva wa Nani?

Asubuhi moja ya kiangazi naikumbuka hata leo, mwanangu. Nilikuwa kijana bado, mimba imeshakuwa kubwa, nimesimama nje ya geti la yadi pale Kahama, na mlinzi niliyezoea kunywa naye chai ananiambia nisiingie.

"Nimeambiwa mkataba wako umekwisha, dada Kabula," alisema, macho chini. "Mimi natumwa tu."

Nilikuwa dereva wa boza la maji. Enzi hizo malori ya kwenda migodini yalitimua vumbi mpaka kuku wa kando ya barabara wakawa rangi moja, na kazi yangu ilikuwa kuimwagia maji barabara hiyo tangu alfajiri. Katika yadi nzima mwanamke aliyeshika usukani nilikuwa mimi peke yangu. Kampuni, ambayo jina lake nalihifadhi, ilinipa boza, ovaroli na ratiba. Ila siku ya kusaini meneja aliniambia, "Wewe hujaajiriwa. Wewe ni mkandarasi, bosi wa nafsi yako." Nikavikwa kilemba cha ukoka, nikatembea nacho kichwa juu.

Nilipokwenda kuomba likizo ya uzazi ndipo kilemba kiliponidondoka. Meneja alinijibu kwa upole kabisa kwamba mkandarasi hana likizo, na asiyeweza kuendelea mkataba wake unakoma. Kesho yake nikalikuta geti limefungwa.

Nilipanda basi hadi kwa baba yangu, mfugaji wa upande wa Isaka. Nilimkuta akitengeneza uzio wa zizi. Nikamwamkia, akaitikia, nikamweleza yote huku nalia, hasa habari ya ule mkataba na saini yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Baba hakuwa mtu wa kubembeleza.

"Ya karatasi nimesikia," alisema. "Sasa niambie ya kazi. Fundi aliyetuchimbia kisima alikuja na sururu zake na watu wake, akachimba kwa namna anayoijua, akamaliza, akaenda kwa jirani. Lakini Masanja anayenichungia ng'ombe, namwambia mimi saa ya kutoka na malisho ya kwenda, na zizi la mwingine halichungi. Wewe ni yupi kati yao?"

"Ni Masanja, baba."

"Basi hapa unalia nini? Nenda ukaseme panaposikilizwa. Mficha uchi hazai, na wewe kuzaa kwenyewe umekaribia."

Maneno yalinichoma, lakini nilicheka, na nilipocheka nikajua nimepata nguvu.

Nikarudi Kahama kwa Mama Doto, kiongozi wa chama cha wafanyakazi, mama mnene mwenye sauti ya kwaya. Aliniambia kwamba sheria haiishii kwenye jina ulilopewa, inatazama kazi inavyofanyika. Tukapeleka shauri kwenye tume ya usuluhishi mapema, maana malalamiko ya kuachishwa kazi yana muda wake na ukipita unajuta. Kupatanishwa kulishindikana. Tulipoitwa mbele ya mwamuzi nilikuwa nimeshajifungua, nikaingia na binti yangu mgongoni.

Meneja alisema vizuri, akauonyesha mkataba. Mama Doto hakubishana na saini yangu hata kidogo. Alimgeukia shahidi wa kampuni, Bwana Shija, msimamizi wetu wa zamu.

"Boza ni la nani?"

"La kampuni."

"Kabula akitaka kuanza saa nne badala ya alfajiri?"

"Haiwezekani. Ratiba naipanga mimi."

"Akiumwa, anaweza kumtuma kaka yake aendeshe?"

"Hapana. Dereva nampanga mimi."

"Na wengine wakimtaka akawaendeshee?"

Shija alimtazama meneja, kisha akanitazama mimi na mtoto. "Waliwahi kumwita," alisema. "Tulimkataza."

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Shija naye alikuwa na mkate wa kulinda, na kusema kweli pale kulitaka moyo.

Siku ya uamuzi nilishikilia benchi kwa mikono miwili. Mwamuzi alisema mkataba uliniita mkandarasi, lakini kampuni ndiyo iliyoniongoza, ikanipa vifaa, ikanifanya sehemu yake na kunizuia kwingine. Basi mimi ni mfanyakazi, na kuniachisha kwa sababu ya mimba ni kosa. Nipewe likizo yangu ya uzazi, kisha nirudi kwenye kazi yangu. Mama Doto alipiga kigelegele, watu wa korido nzima wakageuka.

Mwanangu, laiti ungeiona siku niliyorudi. Madereva wenzangu, wenye mikataba kama wangu, walipiga honi yadi nzima. Meneja mwenyewe alinikabidhi ufunguo, akasema, "Karibu tena." Nilitoka na boza, maji yakitandaa nyuma yangu, na kina mama wauza mihogo wakasimama kunishangilia. "Wabeja, mayu," mmoja akaita, ndiyo kusema ahsante, mama. Kabla ya masika wale madereva wote walipewa mikataba ya ajira. Mimi niliendesha mpaka nikawa msimamizi wa zamu, na wasichana waliokuja baada yangu waliikuta likizo ya uzazi inawasubiri.

Sasa nisikilize. Ukandarasi si aibu. Ukiwa na zana zako, wateja wako, na uhuru wa kusema leo siji, jiite mkandarasi, panga bei yako, na faida na hasara uzibebe mwenyewe. Lakini ukiitwa huru huku unaagizwa kila saa, uliza, na uliza mapema. Soma kabla ya kusaini, na kama umeshasaini, usidhani mlango wa haki umefungwa. Na siku utakapokuwa na watu chini yako, wape jina linalolingana na kazi yao.

Mungu akujalie kazi yenye heshima na mwajiri mwenye utu. Akupe ulimi usioogopa kuuliza, na jasho lako likawe baraka kwa watoto wako.