Mdomo wa Diwani

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne, paka wetu alikuwa na amri ya serikali ya kutotoka nje. Alikuwa amekula vifaranga vya jirani, jirani akaenda kwa naibu wa chifu, na naibu wa chifu, ambaye mambo mengine ya kata ndogo yetu yalimchukua miezi, hilo alilimaliza kwa asubuhi moja. Aliandika kwa mkono wake kwamba paka huyo awekwe ndani, akapiga muhuri. Bibi aliikunja ile karatasi akaitia kashani pamoja na karatasi zake nyingine za maana. Paka mwenyewe tulimwita Diwani, kwa kuwa alilala mchana kutwa na hakukosa mlo.

Hiyo ilikuwa Msambweni, mwishoni mwa miaka ya tisini. Nyumbani tulikuwa wanne: Bibi mzaa mama, Mjomba Bakari, aliyefanya kazi katika hoteli moja kule Diani na kuja siku zake za mapumziko, mkewe, Anti Mejumaa, aliyeolewa kutoka Kikoneni na ndoa yao haijatimiza mwaka, na mimi. Madirisha yalikuwa na wavu, mlango wa uani ulikuwa na komeo, na kazi yangu ilikuwa kuhakikisha mfungwa hatoroki. Nina hakika hakutoroka hata siku moja. Nalisema hili mapema, kwa sababu kila ninayemsimulia kisa hiki huanza kwa kuniuliza hilo.

Humo ndani, Diwani akaanza kuumia mdomo.

Asubuhi moja tulimkuta mdomo wa juu umepasuka, kama uliochanjwa kwa wembe, na manyoya meupe ya kifuani yamelowa damu. Kidonda kikapona. Baada ya siku chache ukachanika ufizi wa chini, halafu pembe ya mdomo, halafu tena mdomo wa juu, upande wa pili. Mwili mzima haukuwa na mkwaruzo. Bibi alisema ni miiba ya samaki, basi Diwani akalishwa wali mtupu wa nazi, naye akalalamika kwa sauti iliyosikika hadi msikitini. Mjomba alisema ni kibao cha mbuzi, anayalamba yale meno ya chuma kufuata nazi iliyobaki. Anti Mejumaa akakitundika juu ya msumari ambao hata yeye aliufikia kwa kupanda kigoda. Kidonda kikarudi.

Hapa ndipo kumbukumbu yangu inapopinda. Nina hakika kwamba kidonda cha kwanza kilikuja kabla ya kiapo. Nina hakika vile vile kwamba kilikuja baada yake. Nimekaa na hakika hizi mbili zaidi ya miaka ishirini, na hakuna inayokubali kuondoka.

Kiapo kililetwa na barua ya shamba. Bibi aliambiwa aipeleke ofisi ya ardhi kule Kwale, akafungua kasha, akakuta kila kitu, hata amri ya paka, ila barua haikuwamo. Chumba kile kilifagiliwa na Anti Mejumaa. Na ndugu zake Anti, walisema majirani, walikuwa watu wa kupenda mashamba.

Bibi hakumwuliza. Kumkabili mkwe na kumwuliza kama ameiba ni kumvunjia heshima. Kumlisha papai la kiapo, hilo halikuwa na ubaya. Wenyeji wa kwetu hukiita kiraho: papai husomewa maneno, kila mtu hula kipande chake na kuapa, na aliyeapa uongo huvimba mdomo. Bibi alikuwa Mwislamu wa swala tano, kwa hiyo alihakikisha jambo lenyewe linafanyika mlango ukiwa umefungwa.

Mzee wa kiapo alitoka Tiwi. Alikuja na papai lake, kisu chake, na cheti cha serikali cha uganga wa kienyeji kilichotiwa katika fremu, chenye picha yake iliyopigwa muhuri katikati ya paji la uso. Tuliapa mmoja mmoja kwamba hatukuingia chumbani mwa Bibi siku ya Ijumaa, ambayo Bibi aliamini ndiyo barua iliyotoweka, wala hatukugusa kasha. Anti aliruhusiwa kuapa la kasha tu, kwa kuwa kuingia alikuwa ameingia na fagio.

Mimi nilikuwa nimeingia bila fagio. Bibi alikuwa na halua ndani ya bakuli juu ya kabati, na Ijumaa ile wote walipokuwa uani nilikwenda nikaipunguza. Kasha sikuligusa. Lakini papai lingejuaje tofauti? Niliapa, nikakitia kipande kinywani, nikakihifadhi shavuni kama mtu mwenye jino bovu. Walipoinuka kumsindikiza mzee, nilimtemea Diwani chini ya kitanda. Akala.

Siku mbili tatu baadaye midomo yetu sote ilikuwa mizima, na wa Diwani ulikuwa unatoka damu.

Mzee aliitwa tena. Alimtazama paka, akatutazama sisi, akasema kiapo kikimkosa mtu humshika mnyama anayekula mkononi mwake. Diwani alikula mkononi mwa nani? Kwa Anti Mejumaa, aliyekuwa akitengeneza samaki kila siku. Hakuna aliyepaza sauti. Bibi alisema tu kwamba ingekuwa vizuri Mejumaa akapumzike kwao Kikoneni mpaka barua ionekane. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba.

Anti alifanya jambo ambalo mimi sikuwa na akili ya kulifikiria. Alimfunga Diwani ndani ya kikapu akampeleka kwa Bwana Mifugo, aliyekuja wiki ile kuchanja mbwa. Nilifuatana naye. Bwana Mifugo alikuwa na fomu: ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda, kuku, mbwa. Paka hakuwemo. Alifikiri kwa muda, akamwandika chini ya punda, kisha akamfungua kinywa.

"Meno mazima," alisema. "Ugonjwa siuoni. Kuna kitu kinamkata."

"Kitu gani, bwana?" Anti aliuliza.

"Hilo, mama, si la idara yetu."

"Basi niandikie hivyo hivyo. Kwamba kuna kitu kinamkata."

Alimwandikia. Anti alimpa Bibi ile karatasi kwa mikono miwili. Bibi hakujua kusoma; aliigeuza, akaona ina muhuri, akaitia kashani.

Jumamosi, Mjomba akiwa mapumzikoni, Anti alifunga leso zake. Tulikuwa tunakunywa chai. Alisimama mlangoni na furushi, akasema, "Mama, mimi nakwenda. Mnikumbuke kwa dua." Mjomba alikuwa anatazama kikombe chake kana kwamba kimeandikwa ndani. Mimi nilisikia sauti yangu kabla sijaamua kuitoa.

"Papai langu alikula Diwani."

"Papai gani?" Bibi aliuliza.

"La kiapo. Niliogopa. Ijumaa niliingia nikala halua."

"Halua!" Bibi aliweka kikombe chini. "Na mimi nikatega mitego ya panya wiki nzima!"

"Sikugusa kasha, Bibi. Wallahi."

"Usiniapie tena, wewe. Viapo vyako anakula paka."

Mjomba akaanza kucheka, cheko la mtu aliyebanwa muda mrefu. "Basi mwizi ni Diwani, mama. Ameapa na amevimba. Mpeleke kwa naibu wa chifu, faili lake liko tayari."

"Nyamaza, Bakari."

Mzee wa Tiwi alipopelekewa habari alijibu kwamba kiapo kimeharibika, na kwamba ataleta papai lingine. Anti Mejumaa, ambaye tangu aolewe sikuwahi kumsikia akimkatalia Bibi hata kijiko, alisema, "Mimi changu nilikula, mama, na mbegu nilimeza. Cha pili sili."

Bibi alinyanyuka, akaliokota lile furushi la leso, akalirudisha chumbani. Hakusema samahani. Hakusema pia kwamba anaamini. Kwa miezi mingi baadaye kasha lilikuwa na kufuli, na ufunguo alilala nao.

Diwani aliendelea kuumia. Tulidhani baada ya kukiri kwangu atapona. Wiki iliyofuata ulimi wake ulikuwa na mpasuko. Mtoto wa Anti alizaliwa, vidonda vikaja na kwenda, halafu bila sababu vikakoma, kama vilivyoanza. Barua haikuonekana.

Mwaka uliofuata ofisi ya Kwale ilikubali kutoa nakala, kwa sharti la hati ya kiapo. Tulikwenda Bibi, Anti, mtoto mgongoni mwake, na mimi. Karani alisoma: kwamba mimi niliyetajwa hapo juu nimepoteza barua hiyo, kwamba sikumpa mtu, na kwamba hakuna mtu yeyote aliyeichukua. Kidole gumba cha Bibi kilikuwa tayari kina wino.

"Hilo la mwisho silijui," alisema.

"Ndivyo fomu ilivyo, bibi."

"Liondoe."

"Haliondoki. Limechapwa."

Karani aliona kikongwe mbishi. Mimi niliona mtu anayeamini, kwa moyo wake wote, kwamba kiapo cha uongo hurarua mdomo. Bibi alimtazama Anti Mejumaa, aliyekuwa anambembeleza mtoto na kujifanya hasikii. Akabonyeza kidole kwenye karatasi, kwa nguvu, mpaka wino ukatoka pembeni.

Kwa wiki nzima, kila asubuhi, nilimkuta mbele ya kioo akivuta mdomo wa chini na kukagua fizi. Hakuvimba.

Nimesoma tangu hapo. Yako maradhi ya midomo ya paka, na yapo yanayokuja na kuondoka; hakuna nililosoma linalofanana sawasawa na la Diwani, na labda mimi ndiye simkumbuki sawasawa. Pale ofisini, nadhani, Bibi hakuwa na uhakika kama anaapa kweli au uongo, nami sina mpaka leo. Alichojua ni kwamba tulitoka Msambweni wanne, na alitaka turudi wanne.