Wiki Tisa za Ububu wa Mjukuu Wangu

Kitendawili!

Semeni "tega" basi, msinikodolee macho tu kwenye simu zenu.

Asubuhi anafia getini. Saa tisa alasiri anafufuka getini hapo hapo. Ni nani huyo?

Mmeshindwa? Nipeni mji. Haya, nimeupokea, nimefika, nimekaribishwa, nimekula na kusaza. Jibu ni mjukuu wangu wa kike, miaka tisa, mwenye mdomo kama redio ya kinyozi.

Hii si hadithi ya kutunga. Imenikuta mimi mwenyewe, na bado inaniuma.

Mwanangu ni mwalimu wa hesabu. Mwaka jana akapata mkataba wa kufundisha nchi ya watu, miaka mitatu, nyumba juu yao. Tukafunga virago: yeye, mkewe, binti yao na mimi bibi mtu.

Nilidhani ugenini mtu anakaa tu, miguu juu ya kiti.

Weee!

Nyumba yenyewe ghorofa ya nne, na lifti inafanya kazi siku ikijisikia. Nikitwanga kitunguu saumu, jirani wa chini anagonga dari lake kwa mpini wa fagio. Nikianika kanga dirishani, inakuja barua. Nikiweka takataka kwenye pipa la rangi isiyotakiwa, barua. Ukiwasalimia watu kwenye ngazi, wanatazama viatu vyako kama umekanyaga kitu.

Mkwe wangu ni fundi cherehani, mikono ya dhahabu. Alikuwa anasubiri kibali cha kazi mwezi wa tano sasa. Alishona pazia la sebuleni, akalifumua, akalishona tena.

"Mama, nikikaa bure nitakuwa kichaa," ananiambia.

"Shona la chumbani basi."

"Nimeshalishona mara mbili."

Aliyekuwa anatupa raha ni huyo mtoto. Lugha ya wenyeji aliidaka kama watu wanavyodaka mafua, miezi miwili tu. Ndiye mkalimani wangu sokoni na kwa daktari. Siku moja alibishana na muuza dawa mpaka yule mama akarudi rafuni na kuleta chupa niliyoandikiwa.

Sasa ndipo ikaja barua ya shule.

Mwanangu aliisoma akiwa amesimama, koti bado mwilini. Akaisoma tena. Akaitupa mezani.

"Wanasema mtoto hasemi."

"Mtoto gani?" nikauliza.

"Huyu hapa, mama! Wiki tisa, hajajibu swali hata moja. Ijumaa atapimwa na mtaalamu. Akinyamaza na hiyo Ijumaa, anahamishiwa shule ya watoto wenye shida ya kusema, huko ng'ambo ya mji."

Nikacheka. Mwenzenu nilicheka kabisa.

"Huyu? Huyu anayenisimulia katuni mpaka sikio linawasha?"

"Mama, si jambo la kucheka. Mimi nafundisha pale pale. Walimu wenzangu wananionea huruma. Mganga hajigangi, ndiyo haya sasa."

Akamwita. Akamuuliza kwa upole, akamuuliza kwa ukali, akamwahidi baiskeli. Mtoto akawa anachezea kifungo cha sweta.

"Nitajitahidi, baba."

"Wiki tisa unajitahidi nini?" Mwanangu akapiga meza. Jirani wa chini naye akapiga dari.

Alhamisi nikaenda kumchukua mwenyewe. Nikasimama nje ya geti. Akaja, mdomo umefungwa kama bahasha. Hatua moja tu nje ya geti:

"Bibi! Leo mwalimu kaanguka na kiti, puu! Halafu..."

"Ngoja. Rudi ndani."

Akarudi.

"Haya, malizia. Kaanguka, halafu?"

Kimya. Macho tu yanacheka.

"Toka nje."

"Halafu chaki zote zikamwagika!"

Makubwa haya. Nikamshika mkono.

"Mke mwenzangu, niambie mimi. Humo ndani kwa nini husemi?"

"Si nimekatazwa."

"Na nani?"

Akanitazama, akatabasamu kijanja.

"Unanitega tu, bibi. Leo hunikamati."

Nikambembeleza njia nzima, wapi. Kila nikiuliza, anacheka na kuruka mistari ya barabarani.

Nami nikapiga hesabu zangu za darasa la saba. Katika nyumba ile mwenye kukataza ni mmoja tu. Usifungue dirisha, usipoteze kadi, usichelewe. Mtoto anamficha baba yake!

Mwanangu aliporudi hata begi sikumpa nafasi ya kuliweka chini.

"Umemwambia nini mtoto?"

"Nimemwambia nini tena?"

"Umemkataza kusema shuleni, usije ukaaibika akikosea. Nakujua. Tangu mdogo hupendi kukosolewa."

"Mama, naapa..."

"Usiniapie! Mfungue mtoto mdomo!"

Mkewe akamtazama, akaondoa sahani mezani. Jioni ile mwanangu alikula mkate mkavu, amesimama dirishani. Mimi nikajiona nimefanya kazi ya maana.

Ijumaa tukaenda wote. Wakatukalisha kwenye viti vya watoto, magoti yangu yakaja usawa wa kidevu. Alikuwepo mkuu wa shule, mwanamke mwenye kalamu shingoni, na mtaalamu, dada mmoja mpole mwenye kadi za picha. Mwanangu akawa ananitafsiria, maana mkalimani wangu ndiye aliyekuwa bubu wa siku hiyo.

Kadi ya mbwa. Kimya. Kadi ya nyumba. Kimya. Kadi ya tatu, ya nne. Mtaalamu akawa anaandika, na kila akiandika moyo wa mkwe wangu unashuka, namwona.

Uvumilivu ukanishinda.

"Watafsirie hivi," nikamwambia mwanangu. "Mtoto huyu si bubu. Amekatazwa kusema, na aliyemkataza ni baba yake."

"Mama!"

"Tafsiri!"

Jamani, mwanangu nimemlea asidanganye. Alitafsiri. Neno kwa neno, kajishitaki mwenyewe mbele ya mkuu wake wa kazi, uso umekuwa mweupe kama chaki.

Mkuu wa shule akavua kalamu shingoni, akaanza kuandika yeye. Mkwe wangu akaninong'oneza, "Mama, huku mzazi akimtisha mtoto wanafungua jalada. Mkataba utaota mbawa."

Nilikuwa sijui. Lakini maneno yakimwagika hayazoleki.

Mtaalamu akachuchumaa mbele ya mtoto, akamuuliza taratibu. Mwanangu akanitafsiria:

"Anamuuliza, nani amekukataza kusema shuleni? Hakuna atakayekukasirikia."

Kimya.

Mtoto hakumtazama baba yake hata kidogo. Alinitazama mimi. Ananingoja mimi.

Hapo ndipo kumbukumbu ilipokuja.

Kule nyumbani, kabla hatujasafiri, mtoto alikuwa darasa la baba yake. Akashika namba moja. Watu wakaanza: "Si anapewa majibu nyumbani!" Yakafika sokoni, yakanifika mimi. Sikukubali jina la mwanangu lichezewe. Nikamchukua mtoto nyuma ya jiko, wawili tu, nikamwambia: "Shule yoyote anayofundisha baba yako, usijibu kitu mpaka mimi bibi yako nikuruhusu. Akikuuliza mtu, fumba."

Kule darasa lina watoto sitini, kimya ni adabu. Nani angejua? Huku wako ishirini, kimya ni ugonjwa.

Nilisema, nikaendelea kuchambua mchele. Nikasahau. Yeye hakusahau. Na jana getini alipocheka, alidhani namjaribu, maana mimi na yeye ni wa kutegana tangu anaota meno.

Ningekunja uso kidogo tu pale, angenyamaza. Lawama ingebaki kwa mwanangu, ambaye alishaibeba.

Wazee wenzangu, nisikieni. Sisi tunatoa amri kwa mtoto tunavyotema mbegu za chungwa, tunapita zetu. Yeye anaiokota na kuitunza. Ukimwamuru, rudi ukamwondolee. Na kidole chako, kabla hakijafika kwa mwanao, kipitishe kwanza kifuani kwako.

Nikajiinua kwenye kile kiti kidogo, magoti yakalia ko!

"Mjukuu wangu, leo sikutegi. Ruhusa hiyo hapo. Mjibu dada wa watu, na usimwogope mtu, hata mimi."

"Mama?" mwanangu akaniita. Sikumtazama. Ningemtazama kwa macho gani?

Mtoto akanyoosha mkono juu, sawasawa kabisa, kama aliyekuwa ameusubirisha wiki zote tisa. Akamgeukia mtaalamu, akajibu kwa lugha yao, sauti ikafika hadi ukumbini:

"Ni bibi."